Alirushiwa ndizi, akaendelea kuhutubia

Ndugu msomaji, maneno utakayoyasoma hapa niliyasema kwanza kwa mdomo, Jumamosi moja alasiri, mbele ya vijana wapatao hamsini katika ukumbi mdogo hapa Moshi mjini, si mbali na stendi. Waliniomba nizungumzie vijana na uongozi. Mada hiyo imezungumzwa mpaka imechakaa kama fulana ya kampeni, kwa hiyo nikaibadili bila kuomba ruhusa. Mhariri amenipa ukurasa, nami nakuletea yale yale niliyoyasema. Salamu za itifaki nimezikata, maana zilikuwa ndefu kuliko hotuba.

Kabla hujauliza huyu anayejifanya mjuzi ni nani: mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Maana yake nalipwa kwa habari, na habari isipotoka nalala na njaa. Elimu yangu imeishia kidato cha nne. Italia sijafika, na mlima huu ulio nyuma ya nyumba yetu sijaupanda hadi kileleni. Ila kusoma nasoma, na masikio ninayo.

Nianze na bibi yangu. Mwaka juzi nilimpeleka hospitali moja kutolewa mtoto wa jicho. Bibi anatoka Kibosho ya juu, kule ambako ukiamka asubuhi unakuta ukungu umekaa mlangoni kama mgeni. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Daktari aliyetupokea alikuwa na Kiswahili cha upande wa Kongo, anasema mutu na mutoto, na jamaa mmoja mwenye kofia aliyekuwa nyuma yetu akaanza kunong'ona: "Huyu ni Mkongo. Huyu ataweza kweli?" Watu wakatikisa vichwa. Bibi, ambaye haoni lakini anasikia hata panya akipita darini, akageuka: "Mae! Mimi nimefuata jicho, sikufuata kabila."

Bibi alifanyiwa upasuaji, na leo anachambua maharage bila kuomba msaada. Lakini siku ile, nikiwa nimekaa kwenye benchi namsubiri, nikaingia kwenye simu kutafuta habari za madaktari wa Kikongo. Hapo ndipo nilipokutana na mama huyu ninayetaka kukueleza habari zake. Jina lake ni Cécile Kyenge.

Alizaliwa Agosti 1964 huko Kambove, mji wa machimbo ya shaba katika Katanga. Kumbuka mwaka huo, msomaji. Ndio mwaka Zanzibar ilipopindua na Tanganyika ikaungana nayo. Katanga ilikuwa imetoka tu kwenye vita vya kujitenga, na damu ya Lumumba, aliyeuawa huko Januari 1961, ilikuwa haijakauka. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanne, na mama huyu amesema mwenyewe kwamba ana ndugu thelathini na wanane. Wazee wa Kichagga wakisikia hesabu hiyo watauliza swali moja tu: kihamba kingegawanywaje?

Mwaka 1983 akaenda Italia kusoma udaktari. Msidhani alipokewa kwa zulia jekundu. Ili aishi na asome, alifanya kazi za majumbani za kutunza wazee, kazi ambayo mpaka leo maelfu ya akina mama kutoka Afrika na kwingineko wanaifanya kule: kumwogesha mzee wa mtu mwingine huku mzee wako mwenyewe yuko kijijini akitunzwa na majirani. Akamaliza udaktari katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Roma, kisha akabobea katika magonjwa ya macho huko Modena, mji wa kaskazini unaojulikana kwa magari ya kifahari. Akaolewa na Mwitalia na kuwa raia wa Italia.

Mwaka 2002 alianzisha chama cha kuwaunganisha wenyeji na wageni na kusaidia ushirikiano kati ya Italia na Afrika, hasa Kongo. Unajua alikiitaje? DAWA. Neno letu, hilo hilo analolijua mama muuza mitishamba wa soko la Mbuyuni. Alikuwa na Kifaransa na Kiitaliano mdomoni, na bado alipotafuta jina alirudi kwenye lugha inayosemwa kuanzia Lubumbashi hadi Lamu.

Siasa aliiingia kwa mlango wa chini, na hapa naomba vijana mnaoota ubunge kabla hamjawahi kuwa hata wajumbe wa nyumba kumi mnisikilize. Mwaka 2004 alichaguliwa katika baraza la sehemu tu ya mji wa Modena, kitu kama kata kwetu. Mwaka 2009 akaingia baraza la mkoa. Mwaka 2010 akawa msemaji wa mtandao uitwao Machi Mosi, uliokuwa ukidai haki za wahamiaji. Februari 2013 akachaguliwa mbunge kwa chama cha Kidemokrasia, na Aprili mwaka huo huo Waziri Mkuu Enrico Letta akamteua Waziri wa Ushirikishwaji. Waziri wa kwanza mweusi katika historia ya Italia. Tangu kutunza wazee wa watu hadi baraza la mawaziri ni kama miaka thelathini.

Mwaka ule hakuwa peke yake kutoka upande wa kazi za huruma. Mwezi mmoja kabla, Machi 2013, Bunge la Italia lilimchagua Laura Boldrini kuwa Spika, mwanamke aliyekuwa kwa miaka mingi msemaji wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, mtu aliyezoea kusimama kwenye gati la Lampedusa wakati maboti yanapofika. Wengi wakadhani Italia imepata moyo mpya.

Ngoja uone.

Waziri Kyenge hajakaa wiki kwenye kiti, mbunge mmoja wa Ulaya kutoka chama cha Lega Nord, Mario Borghezio, akamwaga matusi ya kibaguzi dhidi yake na serikali iliyomteua, mpaka kundi lake lenyewe katika Bunge la Ulaya likamtimua. Diwani mwanamke wa chama hicho hicho, wa mji wa Padova, aliandika kwenye Facebook akiuliza mbona hakuna mtu wa kumbaka waziri. Mwanamke huyo! Mahakama ilimtia hatiani ikampa kifungo cha miezi kumi na mitatu cha nje. Na Padova, kwa taarifa yako, ndio mji ulikoanzishwa mwaka 1950 shirika la CUAMM, ambalo madaktari wake wamekuwa wakija Tanzania tangu 1968, wakatibu watu wetu Tosamaganga na kwingineko. Mji ule ule mmoja. Nakwambia hili ili usije ukasema Waitalia wote ni hivi au wote ni vile.

Julai 13, 2013, mheshimiwa Roberto Calderoli, Makamu wa Spika wa Seneti, mtu mzima, alisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema akimwona waziri yule hawezi kujizuia kumfikiria nyani mkubwa wa msituni, orangutani. Wasikilizaji wakacheka. Wiki mbili baadaye, tarehe 26, waziri akiwa anahutubia huko Cervia, mtu katika umati akamrushia ndizi.

Sasa, ndugu yangu wa Kilimanjaro, hapa nilisimama kidogo siku ile ukumbini, maana watu walicheka kwa uchungu. Huku kwetu ndizi ni heshima. Mzazi akijifungua tunampa mtori. Mgeni akija tunapika machalari. Mbege, bila ndizi, si mbege. Mtu akikupa mkungu wa ndizi amekupa sehemu ya kihamba chake. Kumbe kuna mahali chakula hicho hicho mtu anakibeba kutoka nyumbani, anasubiri, halafu anakirusha kumwambia mwenzake kwamba yeye ni mnyama. Mama yule hakukatisha hotuba. Baadaye aliandika maneno machache: watu wanakufa njaa, na kupoteza chakula hivi ni jambo la kusikitisha. Basi, akaendelea na kazi. Na waandishi walipomtafutia neno la kupunguza makali, wakamwita mtu wa rangi, aliwasahihisha kwamba yeye ni mweusi, na anajivunia.

Kuna kichekesho kimoja siwezi kukiacha. Mwaka 2014 yule Calderoli alilalamika magazetini kwamba tangu amtukane waziri ameandamwa na mikosi: kulazwa hospitali mara kwa mara, kuvunjika mifupa, na hatimaye kumkuta nyoka mkubwa jikoni kwake. Akashuku kwamba baba wa Kyenge, yule chifu wa Kongo, amemfanyizia. Naam, seneta wa Ulaya! Yeye anayetuambia sisi tumetoka juzi msituni, usiku anatazama chini ya kitanda kama kuna hirizi.

Lakini tuache mzaha, tuulize alichokifanya. Mtu akitukanwa si lazima awe kiongozi mzuri, na mimi sikuja hapa kumtengeneza mtakatifu. Uwaziri wake haukuwa na fungu kubwa wala wizara kamili. Alidumu miezi kumi tu. Februari 2014 serikali ya Letta ilianguka, Matteo Renzi akaingia, na ile nafasi ikafutwa kabisa. Wapo waliosema aliwekwa kama picha ya kupamba sebule. Nami nadhani waliomweka walikuwa na nia hiyo kiasi.

Jambo alilolipigania ni moja, na ni jambo la sheria. Kwa sheria ya Italia ya mwaka 1992, mtoto aliyezaliwa pale na wazazi wageni si raia. Anasoma shule ya pale, anashangilia timu ya pale, hana lugha nyingine, lakini ni mgeni mpaka afikishe miaka 18 ndipo aombe. Kyenge alisema mtoto wa namna hiyo ni Mwitalia, apewe uraia. Muswada wa kulegeza jambo hilo ulipita katika baraza la wabunge Oktoba 2015, yeye akiwa ameshahamia Bunge la Ulaya. Ukafika Seneti ukakwama. Desemba 2017 ukafa kwa sababu maseneta wa kutosha hawakuingia ukumbini. Juni 2025 wananchi waliitwa kwenye kura ya maoni, si ya watoto hasa bali ya kupunguza miaka ya kuishi nchini kabla ya kuomba uraia kutoka 10 hadi 5. Waliojitokeza walikuwa kama theluthi moja tu ya wapiga kura, na kwa sheria yao isipofika nusu kura ni bure.

Huko Bunge la Ulaya, 2014 hadi 2019, alifanya kazi ambayo haikupigiwa makofi. Oktoba 2013, akiwa bado waziri, boti ilizama karibu na Lampedusa wakafa watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea. Aprili 2016 bunge lile lilipitisha taarifa juu ya wahamiaji wa Bahari ya Mediterania aliyoiandaa pamoja na Roberta Metsola wa Malta, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa bunge hilo. Aliongoza pia waangalizi wa uchaguzi wa Umoja wa Ulaya, Burkina Faso 2015 na Zambia 2016. Zambia ile ile ambako mwaka 1999 mahakama ilitamka kwamba Kenneth Kaunda, aliyeitawala nchi miaka 27, hana uraia.

Mwaka 2019 aligombea tena Bunge la Ulaya akashindwa. Calderoli naye? Oktoba 2022 aliapishwa kuwa waziri katika serikali ya Giorgia Meloni. Na seneta wa kwanza mweusi wa Italia, Toni Iwobi mzaliwa wa Nigeria, aliingia mwaka 2018 kwa tiketi ya chama kile kile cha Lega. Siasa, ndugu yangu, haina aibu.

Nilipofika hapo ukumbini, kijana mmoja akanyoosha mkono. Akasema: "Kaka, hao Wazungu tunawajua. Kwani hilo linatuhusu nini sisi wa Moshi?" Wakampigia makofi. Swali zuri. Nikamwuliza: wewe asiye Mchagga unamwitaje? Akacheka, akainamisha kichwa. Ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja: "Chasaka!"

Ndiyo. Mpare aliyezaliwa Majengo ni chasaka. Mama aliyeolewa hapa kutoka Singida, kazika mume hapa, kazaa watoto sita hapa, siku ya kugawana shamba ni chasaka. Na hata sisi kwa sisi, wa Machame anamwona wa Rombo mshamba, wa Marangu anamwona wa Kibosho jeuri. Ndizi haturushi, tunazila, lakini maneno tunayarusha.

Nchi hii ilishawahi kujadili jambo hili kwa heshima. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulipofika bungeni, wapo waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere alikataa uraia wa rangi, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali hilo. Ndiyo maana Derek Bryceson, Mwingereza aliyekuwa akilima ngano katika miteremko ya mlima huu huu, akawa waziri, na mwaka 1965 wapiga kura wa Dar es Salaam, wengi wao wakiwa Waafrika, wakampa ubunge. Ndiyo maana Barbro Johansson, mwalimu wa misheni kutoka Sweden aliyefika Bukoba mwaka 1946, akawa mbunge wa TANU na raia, watu wakamwita Mama Barbro.

Halafu angalia tulikofika. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi mwenye kalamu kali, aliyekwisha kuwa mbunge wa nchi hii, si raia. Pamoja naye wenzake watatu, wakiwemo watu wa chama tawala chenyewe. Mtu ametumika miaka yote ni raia, siku kalamu inapowachoma wakubwa ndio wanakumbuka kumwuliza babu yake alizikwa wapi. Tangu hapo silaha hiyo haijawekwa chini. Kila uchaguzi inanolewa, vijijini na mijini.

Sasa nafika mahali ambapo siku ile sauti ilinikwama, na hata sasa mkono ni mzito.

Kuna dada mmoja hapa Moshi ambaye kwa miaka kadhaa, yeye na wenzake watano, wamekuwa wakipika mtori na uji na kuwapelekea wagonjwa waliolazwa wasio na ndugu. Hawana mfadhili wala kibao wala gari lenye nembo. Wanachangishana. Wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, mwaka ambao neno kuenguliwa lilikuwa la kila siku, dada yule aliamua kuwania uenyekiti wa mtaa. Alisema amechoka kubeba uji. Anataka kuuliza kwa nini mgonjwa anakosa kula. Watu wa kawaida walimpenda.

Wiki chache kabla ya uchaguzi akanijia mtu. Wa chama gani sisemi, na wewe unayesoma gazeti hili usikimbilie kudhani ni kile unachokifikiria. Akanipa shilingi elfu thelathini, akasema za nauli. Alitaka habari fupi: je, fulani ni raia kweli? Maana baba yake ni mtu wa Kigoma, na Kigoma ni mpakani, na mambo ya mpakani unayajua. Kodi ya chumba ilikuwa imepita siku kumi na nne. Nikaandika. Niliweka alama ya kuuliza mwishoni nikajidanganya kwamba alama ile inanitoa hatiani. Gazeti nililolipelekea, si hili, liliitoa. Siku ya pili watoto wa mtaani walimwita Mrundi akipita na ndoo ya mtori. Siku ya nne alijitoa.

Nilimfuata baada ya kusoma habari za Kyenge, miezi mingi ikiwa imepita. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza yote: mtu yule, elfu thelathini, kodi. Hakupandisha sauti. Nikamsimulia na habari za daktari wa macho wa Katanga. Akasikiliza huku kisu kikienda, kisha akauliza:

"Huyo mama alishinda?"

"Mara ya kwanza alishinda. Mwisho alishindwa."

"Lakini aligombea mpaka mwisho."

"Ndiyo."

Nikatoa elfu thelathini nilizokuja nazo. Akazisukuma kwa kiwiko, mikono ina utomvu. Akasema hataki pesa, wala hataki samahani ya jikoni. "Uliandika gazetini, kaka. Futa gazetini."

Basi nafuta. Mwaka 2024, kwa kulipwa, niliandika kwamba kuna mashaka juu ya uraia wa dada aliyekuwa akiwania uenyekiti wa mtaa katika manispaa yetu. Mashaka hayakuwepo. Mama yake ni mzaliwa wa Old Moshi, baba yake ni Mtanzania wa Kigoma, na yeye alizaliwa hapa hapa mjini. Hayo yote niliyajua siku niliyoandika. Jina lake silitaji kwa sababu amenikataza. Waliosoma habari ile wanamjua.